Nilimhukumu Simon Yates kwa Siku Moja

Niliwaambia wasomaji wangu, tena si mara moja, kwamba Simon Yates hawezi kushinda Giro d'Italia. Niliwaambia kwa sauti ya mtu anayejua. Mei 31, 2025, Yates aliupanda mlima wa Colle delle Finestre kaskazini-magharibi mwa Italia, akawaacha waliokuwa mbele yake kwenye msimamo, na kesho yake akaingia Roma amevaa jezi ya waridi ya mshindi.

Kutabiri vibaya ni jambo la kawaida katika kazi hii na peke yake lisingenifanya nishike kalamu. Ubashiri huo ulikuwa na mizizi, na mizizi yenyewe inafika mwaka 2018, kwenye mlima uleule. Huko kuna mambo niliyowaficha wasomaji. Kuna lililomhusu Chris Froome, na kuna lililomhusu fundi mmoja kijana wa baiskeli niliyemnyamazisha mbele za wateja wake alipokuwa anasema kweli.

Kwa asiyefuatilia mchezo huu, mbio za wiki tatu ni hesabu ya muda. Kuna hatua 21. Muda wa kila mwendeshaji hujumlishwa siku hadi siku, na mwenye jumla ndogo kuliko wote huvaa jezi ya kiongozi. Kwenye Giro jezi hiyo imekuwa ya waridi tangu 1931, kwa sababu gazeti lililoanzisha mashindano, La Gazzetta dello Sport, huchapishwa kwenye karatasi ya rangi hiyo. Mtu anaweza kushinda Giro bila kushinda hatua hata moja. Anaweza pia kushinda hatua tatu, akaivaa jezi karibu wiki mbili, kisha akamaliza nje ya ishirini bora. Ndivyo ilivyomkuta Yates mwaka 2018.

Mwaka ule mbio zilianzia Yerusalemu, Mei 4. Yates alikuwa kijana Mwingereza wa miaka 25, mwepesi, mwenye kasi kali ya kuchomoka kwenye mpando mfupi. Hatua ya sita, juu ya Etna, akaitwaa jezi. Hatua ya tisa akashinda Gran Sasso. Ya 11 akashinda Osimo. Ya 15 akashinda Sappada, na ushindi huo ndio ulionilevya: alichomoka peke yake, akafika sekunde 41 mbele ya washindani wake wakubwa, akiwa na jezi ya kiongozi mgongoni, siku moja baada ya Zoncolan, mlima ambao waendeshaji wengi huuogopa kuliko yote ya Italia. Wiki ile niliandika kwamba Giro imekwisha. Nilimtaja mshindi kwa jina, nikaweka hesabu ya kumthibitishia msomaji: Yates anamzidi Tom Dumoulin kwa dakika 2 na sekunde 11, na kwenye mbio dhidi ya saa, kutoka Trento hadi Rovereto, Dumoulin hawezi kumlipa zote. Na kweli hakuzilipa zote. Yates alitoka pale akiwa bado kiongozi kwa sekunde 56. Nikajiona mtabiri.

Swali ambalo sikujiuliza ni kwa nini Yates alikuwa anashambulia kila siku. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuliona. Dumoulin alikuwa mshindi wa Giro ya 2017 na bingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa. Yates alijua kwamba siku ile ya Trento angepoteza muda mwingi, kwa hiyo alilazimika kuukusanya mapema, kwenye kila kilima, pamoja na zile sekunde 10 za nyongeza anazopewa mshindi wa hatua. Ulikuwa ukusanyaji wa lazima. Mimi nilifanya kama jirani anayemwona mtu akirudi na noti kutoka kila mnada, akasema huyu ametajirika, asitupe jicho zizini kuhesabu mbuzi waliobaki. Msimamo wa mbio ulinionyesha alichokwishapata. Alichobakiwa nacho mwilini hakikuandikwa popote, na mimi sikukitafuta.

Hata dalili ilipotokea hadharani niliipuuza. Hatua ya 18, kwenye mpando wa Prato Nevoso, Dumoulin na Froome walichomoka karibu na mwisho na Yates akashindwa kuwafuata. Alipoteza sekunde 28 mahali ambapo wiki moja nyuma angekuwa yeye anayewaacha wengine. Nilitazama kwa macho yangu. Niliona mabega yake yakiyumba, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mbio zianze. Nikasema ni uchovu wa kawaida, kesho atakuwa sawa.

Jioni hiyo ndipo nilipokutana na fundi. Kibanda chake kiko kando ya barabara, pembezoni mwa Nairobi, upande wa kuelekea Kikuyu. Anaziba pancha, ananyoosha rimu, anabadilisha cheni, na kwenye simu yake iliyopasuka kioo alikuwa akifuatilia Giro kila alasiri kuliko waandishi wengi wa michezo ninaowajua. Eneo lile lina historia na mchezo huu. Huko ndiko David Kinjah alikowafunza vijana wengi kuendesha, na mmoja wao alikuwa mtoto wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, ambaye aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka 2006 kabla ya kuhamia leseni ya Uingereza.

Fundi aliniambia, “Mzee, nimesoma ulichoandika. Lakini Froome anapona na Yates anaisha.”

Nikamwuliza anajuaje. Akanieleza bila haraka, mikono yake ikiendelea na kazi. Froome alianguka Yerusalemu akikagua njia ya hatua ya kwanza, kabla hata mbio hazijaanza. Akaanguka tena kwenye mpando wa Montevergine. Wiki ya kwanza na ya pili alikuwa anaendesha na mwili ulioumia. Ameshinda Zoncolan. Kesho yake Sappada alipoteza dakika moja na nusu kwa sababu mwili ulikuwa bado haujakaa sawa. Halafu mbio dhidi ya saa akaenda vizuri, na leo Prato Nevoso amekwenda bega kwa bega na Dumoulin huku Yates akiachwa. “Na kesho kuna Finestre,” alisema, “tena katikati ya njia, sio mwishoni. Ukiachwa pale, utaachwa hadi usiku.”

Hakukuwa na kosa hata moja katika maelezo yake. Alikuwa ameitazama miili, mimi nimetazama jedwali. Nami nilimjibu hivi: “Wewe unampenda kwa sababu ni mtoto wa Nairobi. Mapenzi si hesabu, kijana.” Wateja waliokuwa wakisubiri baiskeli zao walicheka. Yeye hakujibu. Aliinamia gurudumu lake, akaendelea kukaza spoku.

Na sasa niseme lile ambalo sikulisema jioni hiyo wala baadaye. Kati yetu wawili, aliyekuwa na moyo ndani ya hesabu ni mimi. Sikutaka Froome ashinde.

Desemba 2017 zilikuwa zimetoka habari kwamba mkojo wa Froome, uliochukuliwa Septemba 7 kwenye Vuelta ya Uhispania, ulikutwa na salbutamol nyingi kuliko kiwango kinachoruhusiwa. Ni dawa ya pumu, ile inayovutwa kwa pampu ndogo mdomoni, na wanamichezo wanaruhusiwa kuitumia hadi kiwango fulani. Kikomo kilikuwa nanogramu 1,000 kwa mililita. Kipimo chake kilisoma 2,000. Hakukuwa na uamuzi. Kanuni hazikutaka asimamishwe akisubiri, kwa hiyo aliruhusiwa kushindana, naye akaenda Giro huku kesi ikiwa juu ya kichwa chake. Watu wengi katika mchezo walikasirika. Nami nilikasirika. Nimeupenda mchezo huu tangu utotoni na niliishi miaka ya Lance Armstrong, nikayaamini mataji yake saba ya Tour de France, nikayaandikia kwa furaha, kisha mwaka 2012 yakafutwa yote. Aliyepitia hayo hurudi kwenye mchezo akiwa na tahadhari. Hiyo tahadhari siiungami kama kosa. Mchezo wenye historia ile unastahili kuulizwa maswali, na mwandishi asiyeuliza hafai.

Kosa ni nilichofanya na swali langu. Sikuliandika. Ningeweza kuwaambia wasomaji waziwazi: nina shaka na kesi hii, nisingependa Giro ishindwe na mtu ambaye huenda matokeo yake yakafutwa baadaye. Hiyo ingekuwa hoja ya haki, na msomaji angeipima mwenyewe. Badala yake niliivisha shaka yangu nguo za uchambuzi. Niliandika kwamba Froome amezeeka, maana siku ile ya Sappada alikuwa anatimiza miaka 33. Niliandika kwamba miguu yake imechoka baada ya kushinda Tour na Vuelta mwaka uliotangulia. Niliandika kwamba dakika 3 na sekunde 22 haziwezi kufidiwa katika hatua mbili za milima. Kila sentensi ilionekana kuwa ya kitaalamu, na kila moja ilikuwa imechaguliwa ili ifike mahali nilipokwisha kufika kabla sijaanza kuandika.

Ijumaa, Mei 25, hatua ya 19 ilianza Venaria Reale kuelekea Bardonecchia. Urefu wa Finestre ni kilomita 18 na nusu, wastani wa mwinuko asilimia tisa na ushei, kileleni mita 2,178 juu ya usawa wa bahari. Nusu ya chini ni lami iliyojaa kona za mkunjo ndani ya msitu. Kama kilomita nane za juu ni changarawe na vumbi. Kwenye changarawe mwendeshaji hawezi kusimama ovyo juu ya pedali, kwa kuwa gurudumu la nyuma huteleza. Anapaswa kukaa, anyonge kwa mdundo mmoja, apumue. Ni mlima unaomfaa mtu mwenye nguvu zilizobaki, na unamfichua haraka asiye nazo.

Timu ya Froome, Sky, ilikuwa imepanga siku ile hatua kwa hatua. Walisambaza wafanyakazi wao kando ya mlima, kila mmoja na chupa na chakula, ili Froome asibebe uzito wowote wa ziada na asikose cha kula kwa muda ambao angekuwa peke yake. Waliamua kuanza kuubana mwendo tangu chini ya mlima. Na haikuchukua muda. Tukiwa bado kwenye lami, kamera ikarudi nyuma ya kundi, na pale, mita chache nyuma ya mtu wa mwisho, ilikuwapo jezi ya waridi.

Sijawahi kusahau namna Yates alivyoonekana. Kinywa wazi, macho yakitazama kitu kisichokuwapo, baiskeli ikienda pembeni badala ya mbele. Wenzake wa timu walirudi kumsaidia, mmoja akimwekea mkono mgongoni. Alivuka mstari siku ile akiwa amepoteza dakika 38 na sekunde 51. Giro aliyoiongoza tangu Etna iliondoka mikononi mwake ndani ya kilomita chache.

Huko mbele, kwenye changarawe, zikiwa zimebaki kilomita kama 80 hadi mwisho, Froome akachomoka. Hakuna mchambuzi aliyedhani ni mahali pa kuchomoka. Mbele yake bado kulikuwa na mteremko mrefu, mpando wa Sestriere, bonde, kisha mpando wa mwisho wa Jafferau. Kanuni ya mchezo inasema mtu mmoja hawezi kulishinda kundi bondeni, kwa kuwa walio kundini hubadilishana kukata upepo na yeye hana wa kumkinga. Kileleni mwa Finestre Dumoulin alikuwa chini ya dakika moja nyuma yake. Pengo hilo lingeweza kuzibwa.

Lililoamua siku ni kilichotokea kwenye mteremko. Froome aliteremka kwa ujasiri wa kutisha, kifua kimelala juu ya bomba la fremu. Nyuma, Dumoulin alikuwa na Thibaut Pinot, Richard Carapaz na Miguel Ángel López, akaamua kupunguza mwendo ili wamngoje Sébastien Reichenbach, msaidizi wa Pinot, wakitumaini atawasaidia kuvuta bondeni. Reichenbach hakuwa mteremkaji mzuri. Carapaz na López walikuwa wakiwania jezi nyeupe ya kijana bora, kila mmoja akimtazama mwenzake, na hawakutaka kuvuta. Dumoulin akabaki anafanya kazi karibu peke yake, sawasawa na Froome, ila yeye alikuwa amebeba abiria. Pengo likakua kwenye mteremko, likakua bondeni, likavuka dakika tatu. Froome alishinda hatua kwa dakika tatu kamili mbele ya Carapaz. Dumoulin alifika sekunde 23 baadaye. Jezi ya waridi ilihamia kwa mtoto wa Nairobi kwa sekunde 40, na siku mbili baadaye, Roma, alitawazwa mshindi kwa sekunde 46. Alikuwa mtu wa tatu katika historia kushikilia mataji ya Tour, Vuelta na Giro kwa wakati mmoja, baada ya Eddy Merckx na Bernard Hinault.

Julai 2, 2018, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli lilifunga kesi ya salbutamol, baada ya shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli kukubali kwamba kipimo kile hakikuwa uvunjaji wa kanuni. Ushindi wa Giro ukabaki wake. Wapo wasioridhika hadi leo, na hawakosi sababu za kujadili. Mimi nililipa tangazo hilo aya fupi, pembeni ya ukurasa. Mwandishi aliyekuwa ametumia wiki tatu kuhakikisha wasomaji wake hawamfikirii Froome alipaswa kusema zaidi ya aya moja. Sikurudi kibandani pia. Nilijua fundi hatasema neno, na ukimya wake ndio niliouogopa.

Lakini mtu akikosea hutafuta pa kulitua kosa, na mimi nililitua juu ya Yates. Badala ya kusema “nilisoma vibaya mbio”, nilisema “Yates alinidanganya”. Nikaanza kuandika kwamba hana moyo wa wiki ya tatu. Nilimfanya mfano. Kila mwaka nilipoeleza kwa nini mwendeshaji fulani hataweza, nilimtaja yeye: kama Yates pale Finestre.

Septemba ileile ya 2018, Yates akashinda Vuelta ya Uhispania, wiki tatu nzima, akiwa amejifunza kutulia na kuchagua siku za kushambulia. Hapo ningeweza kuachana na jambo lenyewe. Badala yake niliandika kwamba washindani wa Vuelta ile walikuwa dhaifu. Mwaka 2019 aliporudi Giro akamaliza wa nane, nikasema mnaona. Mwaka 2021 akashinda hatua ya milimani, Alpe di Mera, akamaliza wa tatu kwa jumla, na mimi nikaandika kuhusu nafasi ya kwanza aliyoikosa. Mwaka 2022 alishinda mbio dhidi ya saa mjini Budapest, akaumia goti, akashinda tena Torino, kisha akajitoa. Goti halikuingia kwenye maandishi yangu kwa uzito unaostahili. Kujitoa kuliingia. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kukusanya ukweli mtupu, kila tukio likiwa limetokea kweli, na bado akajenga uongo.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kulipima kwa uzito wake. Kuachwa mlimani ukiwa na jezi ya kiongozi, ulimwengu mzima ukitazama, ni aibu ambayo wengi wetu hatutaionja kamwe. Yates aliionja akiwa na miaka 25, na asubuhi iliyofuata alipanda baiskeli tena akamaliza mbio hadi Roma, wa 21. Nilikuwa na ushahidi huo mkononi siku zote. Mtu asiye na moyo angepanda basi la timu.

Mwaka 2025 waandaaji wa Giro waliweka Finestre kwenye hatua ya 20, siku moja kabla ya Roma. Mbio zilianzia Durrës, Albania. Yates, sasa miaka 32, alikuwa amehamia timu ya Visma. Primož Roglič na Juan Ayuso, waliotajwa na wengi kuwa ndio watakaogombea taji, walijitoa kabla ya mwisho. Asubuhi ya hatua ya 20 kiongozi alikuwa Isaac del Toro, Mmeksiko wa miaka 21 tu. Carapaz alikuwa wa pili, sekunde 43 nyuma. Yates alikuwa wa tatu, dakika 1 na sekunde 21.

Niliandika kwamba vita ni vya watu wawili. Kuhusu Yates niliandika sentensi moja: kwamba anaujua mlima huu, na mlima unamjua. Niliona ni sentensi nzuri.

Carapaz alishambulia mapema, chini kabisa ya mpando, na Del Toro akamganda. Yates hakuwakimbilia. Alirudi kwa mwendo wake, akawafikia, kisha naye akaanza kuchomoka. Del Toro alimtazama Carapaz, aliyekuwa karibu naye zaidi kwenye msimamo. Carapaz alimtazama Del Toro, mwenye jezi, akingoja yeye ndiye afukuze. Wakati wanatazamana, Yates akaondoka. Aliingia kwenye changarawe akiwa peke yake, ameketi, mdundo mmoja, mabega yametulia. Kila mita ya barabara ile niliijua kutoka siku nyingine, na nilikuwa naona mwili tofauti juu yake. Ng'ambo ya kilele, Wout van Aert, mwenzake aliyetumwa mbele asubuhi pamoja na waliotangulia, alikuwa anamngoja. Wakati huu kwenye bonde alikuwa na mtu wa kumkatia upepo. Del Toro na Carapaz walifika Sestriere zaidi ya dakika tano nyuma yake. Kwa jumla Yates alishinda kwa dakika 3 na sekunde 56.

Alilia pale mwisho. Alisema kwamba tangu njia ya mbio ilipotangazwa, mlima ule ulikuwa akilini mwake. Wakati mimi nautumia kumkejeli, yeye alikuwa anauandalia siku.

Nilikwenda kwa fundi wiki hiyo. Kibanda kimekuwa kikubwa kidogo, na sasa ana vijana wawili wanaojifunza kazi. Nilimkumbusha nilichomwambia 2018 na nikamwambia, mbele ya waliokuwapo, kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameisoma Giro ile na mimi ndiye niliyekuwa na upendeleo, kisha nikamsingizia yeye. Nilimwomba radhi. Alisema, “Mzee, hiyo ni ya zamani,” lakini hakuitupa; alivuta kiti akanikaribisha. Ndipo akaniuliza, “Na Del Toro utamwandikaje?”

Alinishika pabaya. Nilikuwa na rasimu mfukoni. Ndani yake nilikuwa nimeandika kwamba Del Toro ana miguu ya bingwa ila hana akili ya mbio, maana aliacha taji liondoke huku akimtazama mtu asiyestahili. Nilimsomea. Fundi akaniuliza kama nina hakika ni akili na si miguu. Huenda aliposhindwa kumfuata Yates alikuwa ameshafika mwisho, na kumtazama Carapaz ilikuwa njia ya kuficha. Mmoja wa vijana wake akakataa, akasema kijana yule alikuwa na nguvu, angalia alivyomganda Carapaz mwanzoni. Wakabishana. Nami nikagundua kwamba nilikuwa karibu kumfanyia mtu wa miaka 21 lilelile nililomfanyia wa miaka 25.

Sentensi ile niliifuta. Nilichochapisha ni yaliyotokea barabarani, nani alishambulia wapi na nani hakufuata, na maelezo mawili yanayowezekana, nikisema wazi ni lipi ninaloliegemea na kwamba silijui kwa yakini. Septemba 28 mwaka huohuo, mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, Del Toro alikuwa miongoni mwa wawili tu waliomfuata Tadej Pogačar aliposhambulia kwenye Mlima Kigali, mbali sana na mwisho. Baadaye aliachwa, akamaliza wa saba. Niliandika hivyo hivyo.

Nitaendelea kutabiri, kwa kuwa msomaji ana haki ya kujua ninayemwona mbele na kwa nini. Kwenye kila ubashiri wangu wa Giro, chini ya majina na hesabu, kutakuwa na mstari unaomwambia msomaji ni nani ninayetamani ashinde, na nani ninayetamani ashindwe.